Jibu la Tatu

Kilima cha Mulago kimebeba taasisi nyingi kuliko mgeni anavyodhani. Hospitali ya Taifa ya Rufaa ilianza hapo mwaka 1913, ikapata jengo lake kubwa mwaka 1962, na leo imezungukwa na majirani: Taasisi ya Saratani ya Uganda, Taasisi ya Moyo, hospitali maalumu ya wanawake na watoto wachanga, Taasisi ya Magonjwa ya Kuambukiza, Shule ya Afya ya Umma ya Makerere. Mgonjwa huvuka kutoka mlango mmoja hadi mwingine kwa miguu, bahasha ya majibu mkononi. Taarifa zake zikitakiwa zimtangulie kwa waya, ndipo wanapohitajika watu wa kuandika programu mbili zinazozungumza: ya mteja, iliyo kwenye kompyuta ya wodini au simu ya mhudumu, na ya seva, inayotunza kumbukumbu na kujibu.

Kazi hiyo inajulikana kwa ugumu, na kila baada ya miaka michache huzuka chombo kipya kinachoahidi kuuondoa ugumu huo. Je, uondolewe? Nimewaketisha watatu wabishane. Ni watu wa kubuni, kwa hiyo sikuwapa majina, ila hoja zao zipo kweli. MSANIDI ni kijana wa Mwanza anayeandika programu hapa Kampala. MWALIMU hufundisha mitandao chuoni. MUSAWO, kama Kampala inavyomwita kila mhudumu wa afya, ni mteknolojia wa maabara, mzaliwa wa Arua. Kwa sababu yake na ya kijana, mazungumzo yakaenda kwa Kiswahili, na Mwalimu, Mganda wa Masaka, akajitahidi, ingawa “bwana” kwake ilibaki “ssebo”.

MSANIDI: Shikamoo, Mwalimu. Nianze mimi, kwa kuwa ndiye ninayedaiwa kazi. Soketi mnazofundisha, milango ya programu kwenye mtandao, zilienea kutoka Berkeley mwaka 1983, na toleo la Unix la 4.2BSD. Nazishukuru. Lakini miaka arobaini na zaidi imepita, na bado mwanafunzi anafungua soketi, anaipa poti, anasikiliza, anasoma baiti, anagundua nusu ya ujumbe imekuja na nusu haijaja, anashika kichwa. Hayo yote kabla hajaandika mstari hata mmoja unaomhusu mgonjwa. Mimi nataka kuandika “nipe majibu ya mgonjwa huyu”, basi. Yaliyobaki yafanywe na maktaba za programu.

MWALIMU: Marahaba. Na hiyo nusu ya ujumbe, unajua inatokeaje?

MSANIDI: Najua. TCP haipeleki ujumbe, inapeleka mtiririko wa baiti. Nikituma mara mbili, upande wa pili waweza kusoma mara moja, au mara tano. Mipaka naiweka mwenyewe: nitangulize urefu wa ujumbe, au nitie alama ya mwisho. Nimeelewa, nimefaulu mtihani, na sitaki kuifanya tena maishani.

MWALIMU: Hapo sina ugomvi nawe.

MUSAWO: Mmepatana mapema hivyo? Basi nirudi kazini.

Walipatana kwa sababu hapo hapana cha kugombania. Kukata mtiririko wa baiti kuwa jumbe ni kibarua, na kibarua kikishafanywa vizuri mara moja hakuna sababu ya kukirudia. Hospitali zenyewe ziliamua hivyo zamani: HL7, itifaki ya taarifa za afya iliyoanza mwaka 1987, inapopita juu ya TCP hutanguliza baiti moja ya kufungua ujumbe na humalizia na mbili za kuufunga, na hakuna aliyewahi kudai kwamba mgonjwa hunufaika pale baiti hizo zinapotiwa kwa mkono. Vivyo hivyo mpangilio wa tarakimu kwenye kumbukumbu, vivyo hivyo kugawa nyuzi ili wateja mia wahudumiwe kwa pamoja. Fichueni haya darasani, ficheni kazini. Kijana, hata hivyo, hakutaka kuishia hapo.

MSANIDI: Nataka zaidi ya hayo, Mwalimu. Mwaka 1984 Andrew Birrell na Bruce Nelson, wa Xerox kule California, walieleza namna ya kuita utaratibu ulio kwenye mashine nyingine kana kwamba uko kwenye mashine yako. Unaita jina, unapata jibu. Wengine wakafuata: Sun, kisha CORBA, kisha RMI ya Java mwaka 1997, na mwaka 2015 Google wakatoa gRPC. Kila kizazi kinarudi kwenye wazo lile lile. Wazo linalorudiwa miaka arobaini lina ukweli ndani yake.

MWALIMU: Au lina utamu ndani yake. Ssebo, mwaka 1994 watu wanne wa maabara za Sun, yaani Jim Waldo, Geoff Wyant, Ann Wollrath na Sam Kendall, waliandika makala kupinga jambo hilo hilo. Walisema kitu kilicho mbali hakiwezi kufanywa kuwa kama kilicho karibu kwa kukipaka rangi. Walitaja sababu nne, mimi nitashika mbili. Ya kwanza ni mwendo. Ukiita kazi iliyo ndani ya kompyuta yako, jibu linakuja kwa sehemu za bilioni za sekunde. Ukiita seva iliyo Ulaya kutoka hapa Kampala, kwenda na kurudi ni zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde. Tofauti ni mamilioni ya mara. Sasa wewe uliyefichwa umbali, unaandika: kwa kila mgonjwa katika orodha ya wagonjwa 200, nipe majibu yake. Kwenye laptopu yako, seva ikiwa humo humo, inakwenda kama umeme. Ukiipeleka wodini...

MSANIDI: Sekunde thelathini.

MUSAWO: Kumbe ndicho kile kiduara cha kwenye skrini! Kinazunguka, mimi nimesimama, mama ananitazama kama nimekataa kumhudumia. Nikadhani ni bando limeisha.

MSANIDI: Lakini dada, dawa yake rahisi. Naomba majibu yote 200 kwa mkupuo mmoja.

MWALIMU: Utaomba hivyo ukijua kwamba kuna safari. Anayedhani yuko nyumbani hapakii mizigo. Na hii ndiyo sababu ndogo kati ya mbili. Kubwa ni kuharibika kwa upande mmoja. Ndani ya kompyuta moja, ikizimika imezimika yote, hakuna anayebaki kushangaa. Zikiwa mbili, moja hufa na nyingine hubaki hai bila kujua kilichotokea. Chukua mzigo unaompa kondakta wa basi la Gulu. Umesubiri, hukupigiwa simu. Mzigo haukufika? Umefika, ila ndugu yako hana salio? Basi limeharibika Karuma na litafika kesho? Mambo matatu tofauti, na kwako yote yana sura moja: kimya.

MSANIDI: Ndiyo maana kuna ujumbe wa makosa. Kikishindikana, maktaba inanirushia kosa.

MWALIMU: Na ulifanyie nini hilo kosa?

Msanidi hakujibu hapo hapo, na mimi simlaumu. Wollrath, yule yule wa makala ya 1994, ndiye aliyeongoza ubunifu wa RMI ya Java, na humo aliweka sharti ambalo wasanidi wengi walilichukia: kila kazi inayoitwa kutoka mbali lazima itangaze wazi kwamba inaweza kuangushwa na mtandao, na anayeiita lazima aandike atafanya nini ikiangushwa, la sivyo programu haikubali hata kutafsiriwa. Ni sharti la haki kabisa. Wasanidi wakalitii kwa njia yao: waliandika sehemu ya kushughulikia kosa, wakaiacha tupu. Kosa linakuja, linaingia kwenye mabano matupu, linazikwa. Kumlazimisha mtu aone hakumfanyi aamue.

MUSAWO: Mnaniruhusu niseme la maabara? Mashine za kupima damu zimekuja juzi, lakini lugha yake ni ya zamani. Zile zinazofuata kiwango cha ASTM hazikurupuki. Mashine ikiwa na majibu, kwanza hutuma herufi moja ya kuuliza kama kompyuta ipo. Kompyuta ikijibu kwamba ipo, mashine inatuma fremu moja, yaani kipande cha ujumbe, na mwisho wa fremu kuna hesabu ya kuhakiki. Kompyuta inakagua. Ikiwa sawa, inakubali, ndipo ije fremu ya pili. Ikiwa si sawa, inakataa, mashine inarudia. Ikikataliwa mara sita, inakata tamaa na kupiga kelele, nami naona taa. Hakuna kilichofichwa.

MWALIMU: Umeona, kijana? Waya wa zamani una adabu kuliko maktaba yako mpya.

MUSAWO: Polepole, Mwalimu, sijamaliza. Kompyuta ikisema imekubali, imekubali nini? Kwamba baiti zimefika salama kwenye waya. Haijasema kwamba majibu yameandikwa kwenye hifadhidata. Haijasema kwamba daktari ameyaona. Tuseme, hospitali yoyote ile, mashine imekubaliwa kila fremu, taa ni ya kijani, na diski ya kompyuta imejaa tangu usiku. Majibu hayapo. Mashine imeshayafuta kwenye foleni yake, maana iliambiwa yamefika.

Hapa Musawo alifika, bila kuwataja, walipofika Jerome Saltzer, David Reed na David Clark wa MIT katika makala yao ya 1984 kuhusu hoja ya mwisho hadi mwisho: uthibitisho wa tabaka la chini husema habari za tabaka la chini tu. Soketi ikikwambia imetuma, imekwambia kwamba mfumo endeshi wa kompyuta yako umezipokea baiti zako, labda zingali humo humo mezani kwako. TCP ya upande wa pili ikithibitisha, imethibitisha kwamba kompyuta ile imepokea, si programu iliyomo ndani yake. Anayejua kama majibu yameandikwa ni yule tu aliyeyaandika. Kwa hiyo uthibitisho wenye maana kwa mgonjwa lazima utoke juu kabisa, kwenye programu yenyewe, baada ya kuandika. Maktaba yoyote inayorahisisha mambo kwa kuchukua kauli ya tabaka la chini na kuivisha joho la tabaka la juu inasema uongo, hata kama kila mstari wake umeandikwa kwa ustadi.

MSANIDI: Sawa. Nakubali uthibitisho utoke juu. Basi nikikosa uthibitisho, narudia kutuma. Maktaba irudie yenyewe, mimi nisijue.

MUSAWO: Urudie nini? Kama ni kusoma majibu, rudia hata mara kumi. Kama ni ombi la damu? Wodi imeomba chupa mbili, kimya, programu imerudia, sasa ni nne. Damu inatoka benki ya Nakasero, mdogo wangu, haichotwi kisimani. Chupa mbili zimetengwa kwa mtu asiyezihitaji na anayezihitaji anaambiwa hakuna.

MWALIMU: Na usiporudia, labda hata zile mbili hazikuombwa.

MSANIDI: Kwa hiyo mnataka nisirudie na nisiache kurudia.

MWALIMU: Tunataka ujue kwamba hujui. Kuna majibu matatu, ssebo, wala si mawili. Imefanyika. Imeshindikana. Na sijui. Mashine iliyo peke yake ina mawili tu, ndiyo maana anayeiga mashine iliyo peke yake hulipoteza la tatu.

MSANIDI: Basi nitakushangaza, Mwalimu. Jibu la tatu nalijua, tena nimelipata kwenye pesa za simu. Ukiunganisha programu yako na API ya MoMo ya MTN ili kumtoza mteja, sharti utengeneze namba ya kumbukumbu wewe mwenyewe, kabla ya kutuma. Seva ikipokea haisemi imelipwa, inasema imepokea ombi. Kisha unauliza hali ya ile namba yako: imefaulu, imeshindikana, au bado inasubiri. Mtandao ukikatika katikati, huanzi upya, unauliza habari za namba ile ile. Ukituma tena kwa namba ile ile, seva inakutambua, inakukatalia kwamba ombi hilo inalo. Kila mwenye kibanda Wandegeya anajua maana ya muamala unaosubiri. Hashangai, anasema ngoja kidogo, tuangalie.

MWALIMU: Sasa ndiyo unazungumza.

MSANIDI: Na angalia, hakuna soketi hata moja hapo! Sikuhesabu baiti. Ni rahisi, na ukweli umo.

Hiyo ndiyo hoja ninayosimama nayo, na nafurahi imetoka kinywani mwa kijana badala ya Mwalimu. Kurahisisha kuna sura mbili ambazo watu huzichanganya. Moja huondoa kibarua: baiti, fremu, nyuzi, poti. Nyingine huondoa jibu la tatu. Ya kwanza ni neema. Ya pili huhamisha ugumu, kutoka kwa msanidi aliye ofisini Kampala na muda wa kufikiri, hadi kwa muuguzi wa zamu ya usiku asiye nao. Na namba inayozaliwa kwa mteja ndiyo njia nyepesi kuliko zote ya kulibakiza jibu hilo bila kurudi kwenye kibarua. Vyombo vya afya vilivyodumu katika eneo letu vinayo. ODK, inayotumiwa kukusanya dodoso kwa simu vijijini, huipa kila fomu utambulisho wake pale pale kwenye simu, hivyo fomu ikifika mara mbili kwenye seva hutambulikana kuwa ni ile ile. OpenMRS, mfumo uliobuniwa kuanzia mwaka 2004 kwa kushirikiana na watu wa Eldoret, ambao ndio msingi wa UgandaEMR, una utambulisho wa namna hiyo kwa kila kumbukumbu. DHIS2, inayobeba ripoti za Wizara ya Afya ya Uganda tangu 2012, imekwenda mbali zaidi kwa tarakimu za jumla: idadi ya wagonjwa wa malaria wa kituo fulani kwa mwezi fulani ina mahali pake pamoja tu pa kukaa. Itume mara saba, itaandikwa juu ya ile ya kwanza, na jumla ya wilaya haitoharibika.

MUSAWO: Basi nipeni hilo jibu kwenye skrini. Msinipe kiduara. Niandikieni: “Imehifadhiwa hapa, haijafika seva.” Nikiona hivyo najua la kufanya. Kiduara hakinipi la kufanya.

MWALIMU: Na kiduara kinaweza kuzunguka muda mrefu, Musawo. Umeme ukikatika ghafla upande wa seva, kompyuta yako haiambiwi lolote. Kama ulikuwa umetuma kitu, Linux kwa mpangilio wake wa kawaida hurudia kutuma kwa takriban dakika 15 ndipo ikate tamaa. Kama ulikuwa unasubiri tu, hukuweka kikomo, waweza kusubiri mpaka Krismasi. Na maktaba nyingi zinazosifiwa kwa wepesi hazikuwekei kikomo. Ile ya Python iitwayo requests, usipoitajia muda, haina muda. gRPC vivyo hivyo.

MSANIDI: Kweli. Wanasema muda unategemea kazi yako, hawawezi kukuchagulia.

MWALIMU: Wako sahihi. Ila wangekulazimisha uchague.

MUSAWO: Mimi nina swali jingine, la kipumbavu labda. Hii seva, kwa nini iwe mbali? Maabara iko hapa, wodi iko pale, naiona dirishani. Taarifa zinakwenda Ulaya kufanya nini?

Si swali la kipumbavu. Kabla ya mwaka 2001, Kampala ilipopata kituo cha kubadilishana mitandao kiitwacho UIXP, ujumbe kutoka kwa mteja wa kampuni moja ya intaneti hadi wa kampuni nyingine mtaa wa pili ulipanda setilaiti, ukazunguka ng'ambo, ukarudi. Setilaiti za aina ile huelea kilomita 36,000 juu ya ikweta, kwa hiyo kuuliza na kujibiwa kulichukua karibu sekunde nzima hata kama mwanga wenyewe haukusimama popote. Nyaya za baharini zilipotua Mombasa na Dar es Salaam kuanzia mwaka 2009, mwendo ukabadilika, tabia haikubadilika: seva nyingi bado ziko nje. Na njia ya kwenda nje hukatika. Jioni ya tarehe 13 Januari 2021, mkesha wa uchaguzi, intaneti ya Uganda ilizimwa, ikarudi tarehe 18. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini siku moja, na intaneti ikazorota sehemu kubwa ya Afrika Mashariki.

MSANIDI: Najua mnataka niseme seva iwe jengoni. Nimezitunza seva za jengoni, Musawo. Zinakaa stoo, chini ya ndoo. Yupiesi yake imekufa mwaka jana. Nakala rudufu iko kwenye flashi iliyo mfukoni mwa mtu aliyeacha kazi. Seva ya kukodi ina watu wanaokesha nayo. Mkisema mbali ni kubaya, na karibu kuna ubaya wake.

MUSAWO: Hapo umesema kweli. Ndoo nimeiona.

MWALIMU: Kuna njia ya katikati, nakala ikae kwa mteja. Zana za CHT, zinazotumika kutengenezea programu za wahudumu wa afya wa jamii, hufanya hivyo: simu ina nakala yake, mhudumu anaandika bila mtandao, na ukipatikana simu na seva zinapatanishwa. Programu haisubiri mtu, inaandika hapo hapo.

MSANIDI: Mwalimu, sasa ni wewe unayerahisisha. Wahudumu wawili wamemtembelea mtoto mmoja, mmoja kaandika kilo 8, mwingine 9, wote hawana mtandao. Simu zinapatana vipi? CouchDB, hifadhidata iliyo chini ya CHT, huzitunza kauli zote mbili na kuchagua moja ionekane. Haijui ipi ni kweli. Hujaondoa mgongano, umeuhamishia kesho.

MWALIMU: Nimekubali. Ila kesho kuna mtu anayeweza kumpima mtoto tena.

Sikutaka kuwaamulia hili la mahali pa seva, kwa sababu jibu linatofautiana na kazi, na anayetoa jibu moja kwa kilima chote cha Mulago anauza kitu. Nitasema moja tu. Hoja ya kijana kuhusu ndoo ina uzito zaidi kuliko makala yote ya 1994, na wanaoandika kuhusu mitandao wakiwa mbali na stoo huisahau. Urahisi wa programu haufiki popote pale ambapo hakuna aliyeajiriwa kubadilisha betri.

MWALIMU: Nikuulize la mwisho kuhusu wanafunzi. Niache kufundisha soketi?

MSANIDI: Wafundishe wiki mbili, wafahamu mtiririko wa baiti, basi. Muhula uliobaki wafundishe kukatikiwa. Wape programu iliyokwisha andikwa kwa maktaba nyepesi kabisa, halafu uzunguke darasani ukichomoa nyaya. Uchomoe kabla ombi halijafika, kisha baada ya kufika na kabla jibu halijarudi. Aliyeomba chupa mbili akaishia na nne, amefeli.

MWALIMU: Wiki mbili hazitoshi. Anayetazama kiduara bila kujua kwamba chini yake kuna soketi inayorudia kutuma atasema mtandao ni mbovu, ataishia hapo. Wiki sita.

MSANIDI: Tatu.

MUSAWO: Mgawane wenyewe. Mimi ninachotaka ni kuulizwa kuhusu ule muda wa kusubiri. Mmesema maktaba haiwezi kuuchagua. Je, wewe kijana unaweza? Unajua mama anayetoka damu chumba cha upasuaji anangoja muda gani?

MSANIDI: Huwa tunaweka sekunde 30. Kila mahali.

MUSAWO: Sekunde 30 za nani? Ombi la damu la dharura, nipe kumi. Zikipita, skrini iniambie haijui, nami nampa mtu karatasi akimbie nayo. Majibu ya kawaida ya wodini, dakika moja sawa, nina kazi nyingine. Ripoti ya mwezi, isubiri usiku kucha, ijaribu yenyewe, isinisumbue. Sampuli za kupima wingi wa virusi husafiri kwa pikipiki hadi maabara kuu ya Butabika, hizo majibu yake yana siku, wala sikai mbele ya skrini kuyangoja. Lakini siku zikipita kumi na nne bila jibu, nataka jina la mgonjwa litokee jekundu, hata kama hakuna kilichoharibika kwenye mtandao wenu. Hayo ni muda wa kusubiri pia, sivyo?

MWALIMU: Ni huo huo. Mkubwa tu.

MSANIDI: Kwenye gRPC kila huduma huandikwa katika faili moja ambalo mteja na seva wote hulitegemea. Naweza kuandika humo, kando ya kila ombi, muda wake na aliyeamua.

MUSAWO: Andika cheo, usiandike jina. Sisi huhamishwa.